Mtihani Uko Karakanani: Mhadhara kuhusu Umeme wa Myeyungano wa Nyuklia



Nimeombwa nizungumzie myeyungano wa nyuklia, nishati ileile inayowasha Jua na nyota. Wengi wenu mmezisikia habari zake kwa sauti mbili. Sauti ya kwanza ni ya shangwe: wanasayansi wamefaulu, umeme usiokwisha umefika mlangoni. Ya pili ni ya kejeli: umeme huo umekuwa ukisubiriwa "miaka 30 ijayo" tangu babu zetu wakiwa vijana. Sitaungana na upande wowote. Nataka niwapeleke mahali ambapo sauti hizo mbili hazifiki mara nyingi. Mahali penyewe ni karakanani, kwa mchomeleaji, kwa anayesuka waya, kwa anayepima unene wa bamba kwa sehemu za milimita.

Hoja yangu ni hii. Swali la kama moto huo unaweza kuwaka hapa duniani limeshajibiwa. Lililobaki ni kama mashine ya kuuwasha inaweza kutengenezwa kwa vipimo vinavyotakiwa na kwa bei inayolipika, ikarekebishwa inapoharibika, kisha ikatengenezwa ya pili, ya tatu na ya kumi. Hilo ni swali la fundi kabla ya kuwa la mwanafizikia.

Moto umeshawaka

Nianze na kilichokwisha kujulikana. Hidrojeni ina aina mbili nzito, deuteriamu na tritiamu. Viini vyake vikigongana kwa kasi ya kutosha huungana, vikazaa kiini cha heliamu na nyutroni moja. Mazao hayo yana uzito pungufu kidogo kuliko malighafi yake, na upungufu huo hutoka kama nishati. Asilimia 80 ya nishati hubebwa na nyutroni. Ikumbukeni nyutroni hiyo, maana ndiyo itakayotusumbua jioni nzima.

Viini hivyo vyote vina chaji chanya, kwa hiyo husukumana. Ili vikaribiane, gesi hupashwa hadi nyuzi milioni 150 za Selsiasi, takriban mara kumi ya joto la kitovu cha Jua. Jua halihitaji joto kubwa kiasi hicho kwa sababu uzito wake mwenyewe unaibana gesi yake. Sisi hatuna uzito huo, tunazo sumaku. Gesi ikifikia joto hilo huwa plazma, elektroni zimeachana na viini, na chembe zenye chaji hufuata njia za uga sumaku. Katika miaka ya 1950 wanasayansi wa Kisovieti walibuni chombo chenye umbo la pete kiitwacho tokamaki. Mwaka 1968 walitangaza matokeo ambayo wenzao wa Magharibi waliyatilia shaka. Mwaka uliofuata kikundi cha Waingereza kilikwenda Moscow na vifaa vyake vya leza, kikapima, kikathibitisha. Tangu hapo tokamaki imekuwa njia kuu.

Rekodi za karibuni ni za kweli. Tokamaki ya JET huko Culham, Uingereza, ilitoa mwaka 2023 megajuli 69 za nishati ndani ya sekunde tano, kwa miligramu 0.2 tu za mafuta. Huko California, tarehe 5 Desemba 2022, leza 192 za maabara ya NIF zilipiga kidonge cha mafuta kwa megajuli 2.05, kikatoa megajuli 3.15. Februari 2025 tokamaki ya WEST nchini Ufaransa ilishikilia plazma kwa zaidi ya dakika 22.

Sasa tuzisome rekodi hizo kwa jicho la mtu anayelipa bili. Megajuli 69 ni uniti 19 hivi za umeme, nazo ni joto tu, bado hazijapita kwenye mtambo wa kufulia umeme. Zile leza za California zilivuta megajuli zipatazo 300 kutoka gridi ili kuzaa hizo tatu. Nao WEST hawakutumia tritiamu. Walikuwa wakipima uvumilivu wa plazma na wa kuta. Kila rekodi imethibitisha kipande kimoja cha kazi. Hakuna mashine iliyoviweka vipande vyote pamoja.

Milimita mbili za Cadarache

Mashine iliyokusudiwa kuviweka pamoja ni ITER, inayojengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2006 na Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Marekani na Urusi. Lengo ni kutoa megawati 500 za joto kwa plazma iliyopewa megawati 50. Haitazalisha umeme hata uniti moja, kwani haina mtambo wa kufua. Ni mashine ya kujifunzia.

Wanachama walikubaliana kwamba kila mmoja atachangia vipuri zaidi kuliko fedha taslimu. Sababu ilikuwa ya maana: kila nchi ilitaka viwanda vyake vijifunze. Sumaku kubwa zenye umbo la herufi D zikatengenezwa Ulaya na Japani. India ikatengeneza tangi la nje lenye uzito wa tani 3,850. Marekani ikachukua sumaku ya katikati. Nyingine za mviringo, ambazo kipenyo chake kinafika mita 24, hazikuweza kupita barabarani hata kidogo, ikabidi kijengwe kiwanda palepale Cadarache. Vipuri vingine hushushwa bandari ya Fos-sur-Mer na kusafirishwa usiku kwa njia ya kilomita 104 iliyopanuliwa na kuimarishwa madaraja yake kwa ajili hiyo tu.

Mpango huo ulikuwa na bei yake, na bei ilidaiwa kwenye maungio. Chombo cha ombwe, yaani pete ya chuma ambamo plazma hukaa, kimegawanywa vipande tisa vya tani 440 kila kimoja. Vinne vilipewa Korea Kusini, vitano Ulaya. Vinapofika Cadarache vinatakiwa viunganishwe kwa kuchomelewa na mashine zinazojiendesha, na mashine hizo zinataka kingo mbili zikutane kwa mwanya uleule kutoka juu hadi chini. Vipande vya kwanza vilipopimwa, kingo zake zilikuwa zimepotoka kuliko ilivyoruhusiwa. Kipande cha tani 440 chenye kuta mbili hujikunja kidogo kila mshono unapochomelewa na kupoa, na mikunjo hiyo midogo hujumlishana. Mwanzoni mwa 2022 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Ufaransa ikasimamisha hatua ya kuviunganisha.

Mwaka huohuo likaibuka la pili. Kati ya chombo cha ombwe na sumaku kuna ngao ya mabamba yaliyopakwa fedha, yenye mabomba ya kupoozea yaliyochomelewa juu yake. Mabomba yakaonekana yanavuja. Uchunguzi ulikuta mabaki ya klorini yamenaswa katika nafasi ndogo pembeni mwa mishono, nayo yakishirikiana na mkazo wa chuma yalikuwa yanakitafuna kimyakimya. Nyufa nyingine zilifika kina cha milimita 2.2. Wakati huo kipande cha kwanza, pamoja na ngao yake na sumaku zake mbili, kilikuwa kimeshateremshwa shimoni. Mzigo huo una tani zipatazo 1,300. Julai 2023 ukanyanyuliwa tena kwa kreni, ukatolewa, ukafumuliwa. Kilomita 23 hivi za mabomba zilipaswa kubadilishwa, na zile kingo zilizopotoka zikaongezwa chuma hapa na kuchongwa pale. Aprili 2025 ndipo kipande cha kwanza kilichorekebishwa kilipoteremshwa shimoni. Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Cadarache walilazimika kubomoa ukuta ili waufikie ufa.

Katikati ya 2024 ITER ilitangaza ratiba mpya. Utafiti utaanza 2034, na mafuta kamili ya deuteriamu na tritiamu yatatumika kuanzia 2039. Gharama ya nyongeza ilikadiriwa kuwa euro bilioni 5. Janga la UVIKO-19 lilichangia, na pia uamuzi wa kubadilisha madini ya ukuta wa ndani. Lakini tazameni orodha ya visababishi: kingo, mabomba, klorini, mshono. Katika yote hayo plazma haimo. Ilikuwa haijawashwa.

Waya unaochomwa kabla ya kutumika

Tuingie kwenye sumaku. Umeme ukipita katika shaba hukutana na ukinzani, na ukinzani huzaa joto. Tokamaki ya kibiashara yenye sumaku za shaba ingekula umeme wake yenyewe. Ndiyo maana hutumika nyaya ambazo ukinzani wake hutoweka zikipoozwa vya kutosha. ITER imechagua mchanganyiko wa niobiamu na bati, unaopoozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi 269 chini ya sifuri. Hatua chache kutoka hapo plazma ina nyuzi milioni 150. Sidhani kuna kiwanda kingine ambacho baridi na joto vya namna hiyo vimewekwa chumba kimoja.

Tatizo la mchanganyiko huo ni kwamba ukishaiva huwa mwepesi kuvunjika. Huwezi kuununua ukiwa tayari ukaanza kuukunja. Inabidi ufanye afanyavyo mfinyanzi: kwanza unaupa waya umbo lake la mwisho ukiwa mbichi, kisha unautia tanuri kwa nyuzi zipatazo 650 kwa siku kadhaa, na ukitoka humo hauvumilii kukunjwa tena. Sumaku moja ya umbo la D ina urefu wa mita 17. Ikiwa tanurini hubadilika urefu kidogo, na fundi anatakiwa akadirie mabadiliko hayo mapema ili waya ulioiva uingie kwenye mifereji iliyochongwa kuupokea. Baada ya hapo hufungwa vihami, humiminiwa gundi, hufunikwa kwa chuma cha pua na kuchomelewa.

Kazi hiyo ilihitaji zaidi ya kilomita 100,000 za nyuzi hizo. Kabla ya ITER dunia nzima ilikuwa inazalisha tani 15 hivi kwa mwaka. Ikabidi ifike tani 100. Walifaulu. Sumaku 18, na ya 19 ya akiba, zimekamilika na kufika Cadarache. Nalisema kwa sababu habari za kuchelewa huwa zinafunika habari za kufaulu. Karakana ikipewa muda, mchoro thabiti na fedha, hujifunza. Lakini tani 100 kwa mwaka ni kiwango cha mashine moja ya utafiti. Mitambo mingi ya kibiashara ni hesabu nyingine kabisa.

Nyutroni na ukuta

Turudi kwa yule mgeni wetu. Nyutroni haina chaji, kwa hiyo sumaku haiioni. Hutoka kwenye plazma moja kwa moja na kujitupa ukutani ikiwa na nguvu ya megaelektronivolti 14.1, mara kadhaa ya wastani wa nyutroni zinazozaliwa na mpasuko wa urani kwenye vinu vya leo. Ikigonga chuma husukuma atomu kutoka mahali pake, nayo husukuma jirani zake. Katika mtambo wa kibiashara, kila atomu ya ukuta wa mbele itahamishwa mara kadhaa, pengine makumi, kabla kipande hakijabadilishwa. Pia nyutroni huzalisha heliamu ndani ya chuma chenyewe, vipovu vidogo vinavyojikusanya kwenye mipaka ya punje zake. Chuma huvimba, hukakamaa, mwishowe hupasuka.

Ulaya imebuni chuma maalumu kiitwacho EUROFER97. Ndani yake nikeli na molibdenamu, ambazo zingebaki na mionzi kwa muda mrefu sana, zimeepukwa, na nafasi imepewa tungsteni na tantali. Jaribio lenyewe la kukiweka chuma hicho mbele ya nyutroni za nguvu hiyo, kwa wingi na muda wa mtambo halisi, halijafanyika, kwa sababu dunia haina chanzo cha nyutroni za namna hiyo. Kituo kinachoitwa DONES kinajengwa karibu na Granada, Hispania, kwa kazi hiyo. Kitapiga miali ya deuteriamu kwenye pazia la lithiamu ya kimiminika litiririkalo kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde. Ndiyo kusema mtambo wa kupimia chuma cha mtambo nao ni mradi mgumu wa uhandisi.

Chini ya tokamaki kuna sehemu iitwayo diveta, inayopokea majivu ya heliamu na joto linalomwagika. Kwenye ITER inatakiwa istahimili megawati 10 kwa kila mita ya mraba, na hadi 20 kwa vipindi vifupi. Tungsteni imechaguliwa kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 3,422. Lakini tungsteni haifai kupitisha maji ya kupoozea. Kazi hiyo ni ya bomba la aloi ya shaba. Shaba na tungsteni zikipashwa joto hazitanuki kwa kiasi kimoja. Kwa hiyo mahali zinapoungana pana ugomvi kila plazma inapowashwa na kuzimwa, na kiungo kimoja kikiachia, tofali lake linayeyuka. ITER itakuwa na kaseti 54 za diveta zenye maelfu ya viungo hivyo, na kila kimoja lazima kipimwe.

Kuni zinazoota ndani ya jiko

Husemwa mara nyingi kwamba mafuta ya myeyungano hupatikana baharini bila mwisho. Kwa deuteriamu ni kweli. Kwa tritiamu si kweli. Nusu yake huoza kila baada ya miaka 12.3, kwa hiyo haipatikani kwa wingi katika asili. Akiba ya dunia kwa matumizi ya kiraia ni kilo 25 hadi 30 hivi, nyingi zimetokana na vinu vya mpasuko vya Kanada vinavyotumia maji mazito. Mtambo mmoja wa myeyungano wa megawati 1,000 za umeme ungetumia zaidi ya kilo 100 kwa mwaka.

Dawa yake inajulikana kwenye karatasi. Ukuta unazungushiwa blanketi lenye lithiamu, na nyutroni ikigonga lithiamu-6 huzaa tritiamu. Lakini kila muungano hutoa nyutroni moja tu, na hiyo moja ndiyo inayotakiwa kuzaa tritiamu mbadala. Nyutroni nyingine zitapotelea kwenye chuma, nyingine zitapenya kwenye matundu ya vipimo na ya vipashio joto. Kwa hiyo blanketi linahitaji pia beriliamu au risasi, ambazo zikigongwa na nyutroni moja huweza kutoa mbili. Hesabu inataka kila tritiamu moja iliyotumika irudi moja na kidogo. Kidogo hicho ndicho biashara yote. Kikikosekana, mtambo unakula akiba yake hadi unazimika.

Tena lithiamu ya asili ina asilimia 7.5 tu ya lithiamu-6. Njia iliyotumika kuitenga kwa wingi, huko Oak Ridge nchini Marekani wakati wa Vita Baridi, ilitegemea zebaki, na uchafuzi wake bado unasafishwa hadi leo. Njia safi za kiwanda zinatafutwa. Mpaka sasa hakuna mahali popote duniani ambapo mzunguko mzima wa kuzaa tritiamu, kuivuna, kuisafisha na kuirudisha kwenye plazma umewahi kukamilishwa. Nikiambiwa nichague kitendawili kimoja chenye uwezo wa kuizuia biashara hii, nitachagua hiki kabla ya plazma.

Fundi asiyeweza kuingia

Mkishawasha mafuta kamili, ukuta unapata mionzi na binadamu haingii tena ndani. Kila kazi hufanywa na mikono ya roboti inayopita kwenye milango myembamba, fundi akiwa chumba kingine anatazama skrini. JET ilionyesha kwamba inawezekana: mwaka 1998 diveta yake ilibadilishwa kwa njia hiyo. Lakini JET ilikuwa mashine ya majaribio, isiyodaiwa umeme na mtu.

Mtambo wa biashara unadaiwa. Mafuta yake ni gramu mia kadhaa tu kwa siku, kwa hiyo karibu gharama yote ni mkopo wa ujenzi, na mkopo hausimami mtambo unaposimama. Ukuta ukihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na kila badiliko likala miezi mingi, bei ya uniti moja hupanda bila kujali plazma ina ubora gani. Kukata bomba, kulichomelea upya na kulipima lisivuje, yote kwa roboti, mara mamia, kwa haraka, ni ufundi ambao haujazoeleka popote kwa kiwango hicho. Mbuni anayechora mashine nzuri isiyofunguka amechora mashine ya makumbusho.

Wenye haraka

Kuna wanaosema ITER ni kubwa mno na polepole mno. Kampuni ya Commonwealth Fusion Systems, iliyozaliwa na chuo kikuu cha MIT, inajenga huko Devens, Massachusetts, tokamaki ndogo iitwayo SPARC. Dau lake liko kwenye utepe mpya: tabaka jembamba la kauri juu ya ukanda wa chuma, lisilo na ukinzani hata kwenye joto la juu kidogo na uga mkali. Septemba 2021 sumaku yake ya majaribio, yenye kilomita 267 za utepe huo, ilifika tesla 20. Uga ukiwa mkali, mashine inaweza kuwa ndogo. Hoja hiyo ni nzuri, lakini nayo imehamia kiwandani: utepe hutengenezwa kwa kulaza tabaka moja baada ya jingine, kasoro ndogo katika mita moja huathiri kilomita nzima, na SPARC yenyewe inahitaji maelfu ya kilomita. Tena mashine ndogo humwaga joto lake kwenye eneo dogo, kwa hiyo diveta inazidi kuumia.

Wajerumani wamechukua njia ya stelarata, ambayo plazma yake hutulia zaidi kwa sababu sumaku zimepindwa kwa ustadi. Wendelstein 7-X ya Greifswald ina sumaku 50 zilizopindapinda, na kuziunganisha kulichukua zaidi ya saa milioni moja za kazi. Imefanya vizuri sana. Huko Princeton, Marekani, ndugu yake NCSX alifutwa mwaka 2008 akiwa nusu, kwa kuwa vipimo vilivyotakiwa vilikuwa vikali na gharama ikapita bajeti. Hakuna aliyemshtaki kwa fizikia mbaya.

Na njia ya leza? Kidonge cha NIF ni tufe la almasi lenye upana wa milimita mbili hivi, lisilovumilia kasoro. Mtambo wa umeme ungevifyatua, tuseme, kumi kwa sekunde. Hiyo ni vidonge 864,000 kwa siku, kila kimoja kikiwa laini kama cha maabara na rahisi kama bidhaa ya duka.

Sisi tunasimama wapi

Najua swali linalosubiri. Waafrika Mashariki tunahusikaje? Kwenye ramani ya madini tumo. Heliamu iligunduliwa kwa wingi Rukwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016. Rwanda huchimba wolframu, yaani hiyo tungsteni. Manono, Kongo, ina lithiamu nyingi. Panda Hill, karibu na Mbeya, kuna niobiamu. Mtu anaweza kusimama hapa akatangaza utajiri ujao. Mimi sitatangaza, kwa sababu yote niliyoyaeleza yanaonyesha kinyume chake. Kilichokosekana Cadarache hakikuwa madini. Kilikuwa mshono usio na klorini na ukingo ulionyooka. Thamani iko kwenye mkono unaogeuza jiwe kuwa waya, na mkono huo haupatikani ardhini.

Wala sishauri mipango ya umeme wetu isubiri myeyungano. Anayepanga gridi ya miaka 20 ijayo apange kwa maji, jotoardhi, jua, upepo na gesi, na kwa vinu vya mpasuko nchi ikiamua hivyo. Lakini ufundi unaohitajika kule una kazi hapa leo. Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limehitaji wachomeleaji wenye vyeti na wapimaji wanaoukagua mshono bila kuuvunja. Mashine za MRI katika hospitali zetu zina sumaku zisizo na ukinzani zinazopoozwa kwa heliamu, na zinapoharibika mara nyingi tunasubiri fundi kutoka ng'ambo. Vyuo vyetu vikifundisha ombwe, baridi kali, upimaji wa milimita na metalojia kwa vitendo, havitakuwa vinafuata ndoto ya mbali. Vitakuwa vinatengeneza mtu anayeajirika Tanga mwaka huu, na Greifswald au Cadarache akitaka.

Nimalizie kwa maswali ya kubeba. Mtakapoona tena kichwa cha habari kwamba myeyungano umefaulu, msiulize plazma ilikuwa na nyuzi ngapi. Ulizeni: nishati imepimwa kuanzia wapi, kwenye plazma au kwenye mita ya umeme? Tritiamu imetoka wapi, na je, imerudishwa? Ukuta umekaa mbele ya nyutroni kwa muda gani? Kipande kikiharibika, kinatolewa kwa siku ngapi? Na kiwanda cha kutengeneza mashine ya pili kiko wapi? Siku ambayo mtu mmoja atayajibu yote matano kwa tarakimu zilizopimwa, atakuwa na haki ya kutuuzia umeme, nasi tutakuwa na sababu ya kununua. Hadi siku hiyo, tumpe heshima yake kama fundi ambaye kazi yake haijaisha.